Siku tatu juu ya baiskeli Iringa: Kalenga, Isimila, na ulanzi usiojua stoo

#1 Mwendapole (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Mwezi uliopita kuna mdau aliuliza humu kama Tanzania kuna mahali mtu anaweza kupanda baiskeli akazunguka kati ya kinywaji na historia, kama wanavyofanya Wafaransa: anapita kwenye mizabibu, anashuka ghala la chini ya ardhi kuonja mvinyo, anatoka kuangalia kanisa la kale, anapanda tena baiskeli yake. Mkamjibu Dodoma. Mimi nikanyamaza, maana tiketi ya Iringa ilikuwa mfukoni na sikutaka kubishia jambo ambalo sijalifanya.

Sasa nimelifanya, na kinywaji chenyewe ni ulanzi, pombe ya maji ya mwanzi. Siku tatu, mwisho wa Aprili kuingia Mei.

Niko Uyole, Mbeya. Baiskeli yangu ni ya gia, mtumba, ina makovu kuliko mimi. Kwenye basi konda alitaka niilipie kama abiria kamili. Tukavutana, tukaishia nusu nauli, nami nikaitoa gurudumu la mbele na kuifunga sehemu ya gia za nyuma kwa khanga kuukuu ya mama watoto. Fanyeni hivyo, wakuu. Buti la basi halina huruma, na ule mkono mdogo wa gia ukipinda hakuna fundi wa njiani atakayeunyoosha ukarudi sawa.

Kosa langu la kwanza: sikufikiria kwamba stendi ya Igumbilo iko bondeni na mji wa Iringa uko juu. Kutoka Ipogolo kwenda mjini ni mlima mmoja tu, lakini mlima huo haujui utani. Nilikokota baiskeli huku watoto wa shule wananipita kwa miguu. Mmoja akaniambia, "Babu, si upande?" Nina miaka 43.

Jioni hiyo nikaenda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, na wazee wanasema Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akikaa pale kutafakari. Kwangu halikuongea chochote. Lakini unauona mji wote, na baridi ya saa kumi na mbili inakukumbusha kwamba jaketi umeliacha gesti.

Siku ya kwanza kamili ilikuwa ya Kalenga. Asubuhi nilianza na makumbusho ya Boma mjini, jengo la Wajerumani lililofanywa makumbusho mwaka 2016. Nusu saa hivi, kisha nikashika njia ile ya Hifadhi ya Ruaha. Kalenga ni kama kilomita 15 na baiskeli inaipenda njia hiyo: magari machache, bonde la Ruaha Mdogo upande mmoja, mahindi yamekauka kichwani. Pancha ya kwanza niliipata kwenye kimchepuko cha kuingia kijijini. Mbigili. Bebeni tyubu ya akiba.

Ukifika Kalenga bila kuwa na habari unaweza kuvuka ukaendelea. Ni kijiji, mbuzi na nyumba za tofali za kuchoma. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Lipuli, makao ya Mtwa Mkwawa, yenye ukuta uliozunguka makazi yote. Neno Iringa lenyewe limetoka kwenye lilinga, yaani ngome. Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivunja tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akawaponyoka, akawasumbua porini karibu miaka minne, hadi wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona wamemkaribia, alijipiga risasi. Wakakata kichwa.

Fuvu lake liko pale kwenye makumbusho ya Kalenga, ndani ya kabati la kioo. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusisimka, na kweli nilisimama muda mrefu, lakini kilichonikaa rohoni hadi leo ni baadaye, mzee mmoja aliponionyesha mabaki ya ukuta. Yako nyuma ya nyumba ya mtu. Kuku wanachakura pale. Akasema, "Huu ndio uliotuzuia tusitawaliwe," halafu akamfukuza jogoo kwa fimbo.

Ng'ambo unaona kilima cha Tosamaganga. Wazee wanasimulia kwamba jina hilo ni kutupa mawe, kwa sababu mizinga ya Wajerumani ilifyatuliwa kutoka huko. Nilirudi kwa njia hiyo ya udongo, nikapita misheni ya Wakonsolata kutoka Italia. Kanisa kubwa, ukimya, miti mirefu. Nikanywa maji, nikajaza pumzi kwenye tairi, nikarudi mjini kabla giza halijaingia.

Naendelea usiku, simu inazima.

#2 Zabibu Kavu

Nimefuatilia. Ila kichwa cha uzi kinasema kinywaji na hadi sasa umekunywa maji.

#3 Mtoto wa Magomeni

Hakuna uzi bila picha mkuu.

#4 Mnyalukolo Halisi

Kamwene wote. Mwendapole, karibu nyumbani. Huyo mtoto aliyekuita babu ni ndugu yangu, namwombea msamaha.

#5 Swali la Kizushi

Naomba kuuliza bila ubaya. Hilo fuvu ni lake kweli? Nimewahi kusikia watu wanabisha.

#6 Kaka Mtafiti

@Swali la Kizushi ubishi upo na hauwezi kwisha leo. Ukweli ulioandikwa ni huu. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Fikiria, mkataba wa kumaliza vita ya dunia nzima, ndani yake kuna kichwa cha mtu wa Kalenga. Wajerumani wakasema hawalioni. Miaka zaidi ya thelathini ikapita, ndipo Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi sana ya watu kutoka makoloni. Wakachambua yaliyotoka huku kwetu, wakalinganisha vipimo na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, wakachagua moja lenye tundu la risasi. Likakabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na aliyelipokea ni Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Kwa hiyo hakuna kipimo cha vinasaba hapo, ni rula na risasi. Wewe amua. Wahehe walishaamua.

#7 Mnyalukolo Halisi

Hapo mwisho umemaliza. Bibi yangu alikuwepo siku lile fuvu linarudi, alikuwa binti mdogo. Alichokuwa anakumbuka zaidi ni vumbi na watu wengi. Hakuwahi kuuliza kama ni lenyewe.

#8 Mwendapole

Nimerudi. @Mtoto wa Magomeni picha nilipiga tano, nne zina kidole.

Siku ya pili: Isimila. Kilomita kama 20 kutoka mjini kwenye barabara kuu ya Mbeya, halafu unaingia kushoto kidogo. Hapa sitadanganya mtu: zile kilomita kwenye lami zilinitoa jasho la woga. Malori ya Tunduma yanapita ukiwa umeshika usukani kwa mikono miwili na sala. Nilitoka saa kumi na mbili kasoro asubuhi ili niwahi kabla msafara haujawa mkubwa, na bado.

Ila mkifika! Ni korongo lililochimbwa na maji, na ndani yake zimebaki nguzo za udongo na mchanga zimesimama kama watu warefu wasioongea. Chini ya nguzo hizo, kwenye mkondo mkavu, ndipo zilipookotwa zana za mawe. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika Kusini alipita akaziona, na 1957 hadi 1958 mtaalamu Clark Howell akaja kuchimba rasmi. Mashoka ya mkono, mengine makubwa kiasi kwamba unajiuliza mkono gani uliyashika. Umri wake unatajwa kuwa kama miaka 260,000.

Niliruhusiwa kushika moja. Ubapa wa kidole gumba unaingia mahali pake kabisa. Mimi ni fundi seremala, wakuu, nimeshika vyombo vya kazi maisha yangu yote, na kile chombo kilikuwa na mizani. Aliyekitengeneza alikigonga huku na huku kwa makusudi, akakiangalia, akagonga tena. Nilikaa pale kuliko Kalenga. Samahani Wahehe.

Nilikula mihogo ya kuchemsha kwa mama mmoja njia panda, nikarudi. Ule mlima wa Ipogolo tena. Safari hii nilitafuta bodaboda, nikaning'inia begani kwake kama mtoto. Msifanye hivyo.

#9 Dereva wa Tunduma

Ngoja niseme kama mtu wa upande wa pili. Mimi ndiye lile lori.

Nikiwa na mzigo, nikikuona ghafla kwenye kona, sina mahali pa kukupeleka. Kulia kuna basi linalipita jingine, kushoto kuna wewe. Huwa napiga honi mapema ili ushuke lami, si kwa matusi. Watu wa baiskeli wengi mnaichukulia honi kama dharau, mnabaki hapo hapo. Shuka, mkuu. Udongo hauui.

Mambo matatu tu. Vaa reflekta hata mchana, hasa ukungu ukiwepo, na Mufindi ukungu ni kila siku. Usiweke spika masikioni. Na usije ukasikia hadithi za mtu kwamba alipanda mlima wa Kitonga kwa baiskeli ukataka kujaribu. Kitonga sisi wenyewe tunaishuka tukiwa tumenyamaza.

#10 Mwendapole

Nimekusikia kaka. Honi nilikuwa naitukana, nitaacha.

#11 Kaka Mtafiti

Kwa anayependa historia na hajali lami, upande wa Morogoro kuna Lugalo, kilomita ishirini na kitu kutoka mjini. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walivizia kikosi cha Emil von Zelewski wakakimaliza, na yeye mwenyewe akauawa. Watu wa pwani walikuwa wamempa jina la Nyundo kwa ukatili wake. Kuna mnara karibu na barabara. Jambo linalonichekesha kila nikipita: mnara ule ulijengwa na Wajerumani kwa ajili ya Wajerumani. Walioshinda hawakujijengea kitu, walirudi kulima.

#12 Zabibu Kavu

Ulanzi uko wapi jamani.

#13 Mwendapole

Haya, siku ya tatu.

Barabara ya Kilolo inaanzia Ipogolo, na ni kupanda. Unapanda, unadhani umefika, unapanda. Lakini ni aina ya mlima unaolipa: magari machache, hewa inazidi kuwa ya baridi, paina zinaanza, mashamba ya njegere na viazi, na mara unaanza kuona vichaka vya mianzi kwenye makorongo. Wenyeji wanaita milanzi. Sikufika Kilolo yenyewe. Niliishia kijiji kimoja njiani, saa sita hivi, mguu wa kulia umekaza.

Kilabu ilikuwa banda la mabati, mabenchi marefu, wazee wanne na mama mmoja mwenye ndoo tatu. Nikasalimia kamwene, wakacheka kwa matamshi yangu, wakanipisha. Mama akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu.

"Wa asubuhi au wa jana?"

Yule mdau wetu alitaka maghala. Dodoma mtu akishika chupa anauliza ya mwaka gani. Huku wanauliza ya saa ngapi! Wa asubuhi wanauita mtogwa, ni mtamu, mweupe wa maziwa yaliyotiwa maji, una vijipovu vinavyochoma ulimi kidogo, harufu kama nyasi zilizokatwa. Hata mtoto anaweza kuunywa, na wanapewa. Wa jana tayari ni mkangafu: mchachu, mkali, umekomaa, unashuka kifuani kama mtu anayeteremka ngazi na viatu vya mbao. Wa juzi unamwagwa, au anapewa mtu asiyejali.

Haukai. Hauwekwi stoo, haupelekwi Dar. Maji ya mwanzi yanaanza kuchacha yakiwa bado yanadondoka, hamira yake ni ya hewani na ya kwenye kile chombo chenyewe. Kwa hiyo ukitaka kuunywa ulivyo, lazima wewe ndiye usafiri, na uufuate hadi kwenye korongo ulipogemwa. Ndiyo maana nasema baiskeli. Ukienda na gari utafika umechoka kukaa, utakunywa glasi moja ya mtogwa kwa heshima, utageuza. Mimi nilifika na kiu ya mlima mzima.

Nilikunywa lita moja ya mtogwa na kikombe kimoja cha mkangafu. Kurudi ni mteremko hadi Ipogolo. Nilikaa kwanza saa mbili na nusu, nikala ugali na maharage, nikaoneshwa mianzi, ndipo nikapanda. Raba za breki za nyuma zilikuwa zimeisha nilipofika chini. Angalieni zenu kabla ya kwenda.

#14 Zabibu Kavu

Nimesubiri siku mbili ili niseme hivi: hiyo si divai. Divai ni zabibu. Sisi Dodoma tuna mashamba, tuna matangi, tunavuna mara mbili kwa mwaka, kuna aina ya zabibu inaitwa Makutupora kabisa. Ulanzi ni pombe ya kienyeji, nzuri, naiheshimu, ila usiipe vyeo.

#15 Mnyalukolo Halisi

Mkuu, mwanzi unatoa maji yake wenyewe, yanachacha yenyewe, binadamu kazi yake ni kukata na kusubiri. Ninyi mnakanyaga, mnachuja, mnatia hiki na kile. Nani anastahili cheo?

#16 Zabibu Kavu

Mgema akisifiwa...

#17 Mnyalukolo Halisi

...tembo hulitia maji, naijua. Wa kwetu ukitiwa maji unajulikana hapo hapo, wazee wanne wa kwenye benchi ndio maabara.

#18 Binti wa Dabaga

Naomba niingie, maana mnaongea habari za kazi ya baba yangu.

Mwendapole umesema wanakugemea korongoni, sawa, lakini hujasema wanavyogema, na hapo ndipo penye kazi. Mvua zikianza mwanzi unatoa chipukizi. Chipukizi likifika kimo fulani, mgemaji analikata kichwa, anafunga hapo mbeta, ambayo ni kipande cha mwanzi mkavu chenye kitako. Kisha kila asubuhi na kila jioni anarudi kukata ubapa mwembamba, kama karatasi, ili jeraha lisizibe. Akisahau siku moja, linafunga, limekufa hilo. Baba alikuwa anaamka saa kumi na moja na mvua, kisu kiunoni, anashuka makorongo yanayoteleza, anazunguka vichaka vyote, anarudi ananuka ulanzi na nyuki wanamfuata. Jioni tena. Kuanzia kama Desemba au Januari hadi Mei. Hakuna Jumapili.

Na kuna adabu. Kichaka kimoja hukati machipukizi yote. Unaacha mengine yakue yawe mianzi, ama sivyo kichaka kinachoka na mwaka wa tatu hakina kitu. Wapo vijana sasa wanakata yote. Baba alikuwa akiona kichaka cha hivyo anasema "huyu amekula mbegu".

La pili, na hili halipendezi. Huo msimu wa ulanzi ndio huo huo msimu wa palizi. Mama zetu wanalijua hili vizuri. Kuna kaya ambazo kuanzia Februari baba haonekani shambani hadi mianzi ikauke. Kwa hiyo mkija na baiskeli zenu karibuni sana, nunueni, mama wa ndoo tatu anasomesha watoto na ndoo hizo. Ila msiende mkiandika kwamba kijiji kizima kinafurahi.

#19 Mwendapole

@Binti wa Dabaga asante dada. Kweli nilimwona mgemaji mmoja akikata, kwa haraka nikadhani anasafisha kisu. Nikirudi nitakaa zaidi kwenye mwanzi kuliko kwenye benchi.

#20 Mtoto wa Magomeni

Huo mwanzi ndio ule wa matenga ya nyanya?

#21 Mnyalukolo Halisi

Mwanzi ukishakomaa unafanya kila kitu: matenga ya nyanya ya Ilula, uzio, paa, kitanda. Vile vikapu vizuri vya Iringa mnavyonunua ni milulu, ni jani jingine hilo. Msichanganye, akina mama watawacheka.

#22 Shangazi Pedeli

Naendesha baiskeli, niko Morogoro, mwanamke, miaka 51. Nina maswali mawili ya kweli. Moja, mwanamke peke yake kwenye kilabu cha ulanzi anaonekanaje? Mbili, kwa nini Aprili na mvua zote hizo, si ningeenda Julai njia zikiwa kavu?

#23 Binti wa Dabaga

Shikamoo shangazi. La kwanza: ukiingia peke yako saa nane mchana, ukamsalimia mama muuzaji kwanza kabla ya wazee, ukakaa upande wake, hakuna atakayekusumbua. Saa kumi na mbili jioni usiingie, hata mimi mwenyeji siingii. Au kanunulie nyumbani kwa mgemaji, mkewe ndiye anayepima, mtakaa jikoni kwenye moto na mtapewa viazi.

#24 Mwendapole

Shikamoo shangazi. La pili nijibu mimi kwa sababu nililivunjia kichwa. Julai njia ni kavu na anga ni safi, Kalenga na Isimila ni raha tupu, ila mianzi imefunga na Iringa asubuhi vidole havishiki breki kwa baridi. Februari ulanzi umejaa hadi unamwagika, lakini njia za udongo ni supu, nilishawahi kubeba baiskeli begani huko Rungwe sitaki tena. Mwisho wa Aprili na wiki ya kwanza ya Mei mvua inaondoka na ulanzi haujaondoka. Ni dirisha dogo. Mwaka mvua zikichelewa kuisha unasogea mbele kidogo, pigieni mwenyeji simu kwanza.

#25 Kaka Mtafiti

Na ukiwa na siku ya nne, Mlambalasi. Ndiko Mkwawa alikofia na ndiko kaburi la mwili wake lilipo, kwa hiyo kichwa Kalenga, mwili Mlambalasi. Ni njia hiyo hiyo ya Ruaha, ila ni kama kilomita 50 kutoka mjini, huwezi kwenda na kurudi siku moja kwa mwendo wa Mwendapole. Pale pia kuna pango la mwamba ambamo wanaakiolojia wamekuta mabaki ya watu wa kale zaidi. Nilikwenda na pikipiki, nililala njiani. Beba maji, usitegemee duka.

#26 Swali la Kizushi

Mwendapole, Mbeya ulirudi na ulanzi au ulirudi mikono mitupu?

#27 Mwendapole

Nilijua mtaniuliza.

Mama alinijazia dumu la lita tatu, wa asubuhi, akaniambia, "Kifuniko usikikaze, mwanangu." Nikamwitikia vizuri. Nikalifunga kwenye keria kwa mpira, na kwa kuwa barabara ina mashimo na mimi ni fundi, fundi hapendi kitu kinachomwagika, nikakikaza.

Mteremko wa kwanza salama. Wa pili salama. Karibu na Ipogolo, jua limeshaupasha, dumu limetikiswa kilomita zaidi ya ishirini, nikasikia mlio nyuma yangu kama tairi la lori limepasuka. Nikajirusha mtaroni, wakuu. Dereva wa Tunduma akili yangu ilikuwa kwako. Nilipoinuka, kifuniko sikukiona hadi leo, na mgongo wote kuanzia kofia hadi viatu ulikuwa mweupe. Mbwa wawili wakaja kunipokea.

Ilibaki kama nusu lita. Nikaifikisha stendi wazi nimeishika mkononi kama taa. Konda (mwingine, si yule wa mwanzo) akanusa, akasema hicho hakipandi. Nikamgawia utingo, akamaliza kwa funda tatu, na baiskeli ikapandishwa buti bila kulipiwa senti.

#28 Mnyalukolo Halisi

Hahahaaa. Wageni wote wanakaza kifuniko. Wote! Sisi tunaziba na majani, unapumua.

#29 Zabibu Kavu

Chupa za Dodoma hazina tabia hiyo. Nasema tu.

#30 Shangazi Pedeli

Basi mimi naondoka Ijumaa ijayo, mvua bado zinavutavuta huku kwetu. Tyubu zangu zina valvu nyembamba, zile za baiskeli za mbio. Mafundi wa Ipogolo wana pampu inayoingia?

#31 Mwendapole

Hawana shangazi, niliwauliza. Pampu zao zote ni za valvu nene kama ya pikipiki. Nunua kile kipande kidogo cha shaba cha kubadilishia, beba viwili, kimoja kitapotea.